Gunia la Pili

Benchi lilivunjika wakati soko la Iringa limefurika watu, na Liberatus Kalinga akajikuta amekaa chini katikati ya kambale wakavu.

"Pole, ndugu," alisema mwenye samaki, amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga. "Umeumia?"

"Sijaumia. Cheka tu, dada, usije ukapasuka."

Akacheka. Alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la maua ya njano, kilemba amekifunga upande kama anayekwenda harusini. Liberatus akainuka, akaipangusa suruali yake mpya ya bugaluu. Tangu utotoni alichekwa kwa unene wake, na kila mara kicheko kilimchoma. Hiki hakikumchoma. Akaona afadhali aseme shida yake.

"Nyie mnaoleta samaki kutoka Usangu mnayajua mambo ya mitumbwi. Nataka wangu wa kwanza, wa kuvulia siku za mapumziko. Wenzangu ofisini hawanichukui kwenye mtumbwi wao, wanasema nitawazamisha."

"Benchi limekushinda, mtumbwi utauweza?"

"Kuna mmoja nimeuona Igawa. Mwembamba, una rangi ya bluu, mzuri mno."

"Umeukalia?"

"Bado."

"Basi usiukalie. Huo ni wa mtu kama mimi. Wewe utafute mpana, wenye kitako bapa, na ukae chini kabisa, si juu ya ubao. Mjomba wangu Seni yuko hapo hapo Igawa, atakuundia. Sisi tumetoka ziwani, mtumbwi kwetu unapimwa kama nguo. Ukifika, sema umetumwa na Helena Nyanda."

Liberatus akaenda Igawa, akarudi, akaenda tena, na si kwa ajili ya mbao tu. Siku moja alirudi kwake Ilomba, Mbeya, akaisahau hata kofia yake huko Igawa. Kila Helena alipopeleka samaki Iringa, alipita posta akapiga simu ofisini kwa Liberatus.

"Haloo, Mbeya? Niitie yule anayejaza mlango."

"Ndiye huyu, kipenzi."

"Mjomba anauliza uzito wako."

"Mnataka kuniuza?"

"Nani atakubeba? Sema."

"Kilo mia na ishirini na kidogo."

"Hicho kidogo ndicho nakipenda," alisema Helena, akakata simu.

Jumamosi iliyofuata Liberatus alishuka Igawa bila kumwarifu mtu, na pipi mfukoni. Mtoni akakuta watu wamejaa, wanashangilia. Mtumbwi ulikuwa majini, ndani yake magunia mawili ya mpunga, moja limesimama mbele ya jingine. La mbele limevishwa kofia yake.

"Kalinga anazama!" mjomba Seni alipiga kelele, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Helena.

Liberatus akageuka kimyakimya, akadandia lori la kwenda Mbeya. Simu ya Iringa ilipolia, alisema, "Mwambieni amesafiri." Chakula kikamshinda, jambo ambalo mama mwenye nyumba, Severina, hakuwahi kuliona.

Basi likamleta Helena mwenyewe Ilomba, viatu vyake vya raizoni vimejaa vumbi, kofia mkononi.

"Shika kofia yako."

"Lipelekee gunia. Nilikuona, Helena. Ulicheka kuliko wote."

"Nilicheka, ilikuwa imelikaa vizuri! Liberatus, kwetu mtumbwi hautoki kwa fundi mpaka umepakiwa uzito wa mwenyewe, ukatikiswa, ikaonekana maji yamebakiza kiasi gani kufika ukingoni. Gunia huvishwa kitu chake, likae pale atakapokaa yeye. Ni furaha, watu hucheka. Maji yalikaribia ukingo, mjomba akaongeza ubao. Ungengoja ungeona."

Kidonda cha Liberatus kikasema, "Sawa. Lakini magunia mawili? Mimi nafika magunia mawili?"

Helena akainamisha macho kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"La mbele ndilo wewe. La pili lilikuwa dogo. Halikuwa na kofia, lilikuwa na kilemba."

"Kilemba cha nani?"

"Mjomba aliniuliza mtumbwi ni wa mtu mmoja au wawili. Ningekuulizaje kwenye simu, posta nzima inasikiliza?"

Severina, aliyekuwa anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa, akaacha ungo.

"Wawili," alisema Liberatus. "Mwambie wawili. Na mahari napeleka kwa nani?"

"Kwa baba. Na ni ng'ombe, bwana, usije na samaki."

Mwezi wa nane wakaushusha mtumbwi mtoni. Liberatus alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, Helena nyuma yake. Maji yakabakiza shubiri nzima kufika ukingoni. Akavua perege mdogo kama kiganja, akamwinua juu kama aliyeua simba. Helena akacheka, kile kicheko cha sokoni ambacho waliokuwapo hawajakisahau mpaka leo, akacheka hadi mtumbwi ukayumba.

Halikuingia hata tone.