Mafuta ya Asubuhi na Kiwavi wa Hospitali

Hapa Sfax, mji wa pwani kusini mwa Tunis, mtu hunywa kijiko cha mafuta ya zeituni kabla ya kahawa. Baba yangu, Hedi, amekunywa miaka sitini. Lakini mwaka huu rangi ilimtoka. Alianguka mara mbili shambani. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Hospitali walisema anavuja damu ndani, mahali ambapo mpira wenye kamera haufiki. Niliogopa. Hata akikohoa tu, nilisimama.

Jirani yetu Raudha ni muuguzi. Alikuja na kidude chenye ukubwa wa kokwa ya tende.

"Hii ni roboti," alisema. "Ukiimeza, inatambaa tumboni kama kiwavi na kupiga picha. Picha zinaingia kwenye mkanda utakaovaa, kisha mtandao unazipeleka kwa daktari aliyeko Tunis. Bado iko kwenye majaribio. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu."

"Ikigoma kutoka?" Baba akauliza.

"Mara chache hukwama, ndiyo maana tutakufuatilia. Kwa kawaida hutoka chooni."

"Kwa hiyo nimeze mdudu, halafu nikamsubiri chooni," Baba alisema. Hakuna aliyecheka. Mama yangu, Mabruka, alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake.

"Sharti moja tu," Raudha alisema. "Kuanzia usiku mpaka kipimo kiishe, usile."

Asubuhi, hospitalini, Baba akaimeza. Tukakodolea macho kompyuta. Tuliona ukungu wa manjano na mapovu. Saa nzima ikapita, ukungu ule ule.

"Ami Hedi, umekula nini?" Raudha aliuliza.

"Sijala."

"Kweli?"

"Wallahi sijala. Mafuta tu, kama kila siku. Hayo nayo ni chakula?"

Mama akaanza kulia. "Nimempa mimi. Vijiko vitatu. Nilitaka kile kidude kiteleze kipite upesi, kisimkwaruze."

Mimi ni mkali, nakiri. Nilifungua mdomo nimfokee. Raudha akaniwahi.

"Bi Mabruka, kosa ni langu pia. Mimi ni mtu wa hapa hapa, ningetaja mafuta. Yamefunika jicho la kamera. Kipimo hiki hakitaki kitu chochote tumboni: si mafuta, si kahawa, si maziwa. Hata dawa, muulize daktari kwanza. Na kama unaogopa, niambie. Usinifiche."

"Naogopa," Mama alisema. "Naogopa sana."

Kilibaki kidude kimoja tu. Daktari alikubali kumwekea Baba mpaka Jumatatu, kile cha kwanza kikishatoka. Baba akaongezewa damu. Siku nne tuliishi roho juu; kile cha kwanza kilitoka siku ya tatu.

Jumapili mchana Mama alifungia mtungi wa mafuta kabatini, akampa Raudha ufunguo.

Jumatatu picha zilikuja safi. Saa ya pili Raudha akanyoosha kidole. "Hapo." Kilikuwa kidonda kidogo kama punje ya dengu, kinachuruzika damu. Daktari aliyekuwa Tunis alikiona dakika ile ile. Kesho yake walipitisha mpira mrefu zaidi, wakakichoma kwa joto, damu ikakoma.

Wiki tatu baadaye Baba alipanda ngazi kuchuma zeituni. Aliposhuka, Raudha akarudisha ufunguo. Mama akamimina mafuta kwenye kijiko, kisha akasita.

"Leo ruhusa?"

"Leo ruhusa, Bi Mabruka."

Akakipeleka mpaka mdomoni mwa Baba. Halikudondoka hata tone.