Udongo wa Nyigu

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena mara moja.

Revelian alikuwa dukani, njia panda ya Kawe, akijifanya anachagua sabuni. Mwenye duka alizielewa alama hizo. Akatoka nje kwenda kutazama mvua ambayo haikuwapo. Revelian akainua simu.

"Shangazi anasafiri lini?" Sauti ilikuwa ya Apolinari, mkubwa wake katika idara ambayo haikuwa na kibao mlangoni.

"Leo. Saa nane mchana."

"Na mahari?"

"Anayo mwilini. Sijajua wapi."

"Basi asifike."

"Nimkamate uwanjani?"

"Hakuna kukamata. Wakubwa hawataki kesi. Kesi itataja majina ya watu wanaokula nao chakula cha jioni. Wanataka ajali. Baharini."

Simu ikakatwa.

Shangazi ilikuwa ndege. Tiger Moth kuukuu ya mabawa mawili, mwili wa mbao na kitambaa, viti viwili vya wazi, kimoja nyuma ya kingine. Mahari ilikuwa almasi zilizoibwa bara na kuvushwa kwenda kwa Wareno, ng'ambo ya Ruvuma. Mwenye ndege alikuwa Mzungu mmoja, Bwana Lockyer, rubani wa zamani wa vita. Mwaka wa 1953 kila mtu wa maana mjini alimjua kwa ucheshi wake. Gaspar, aliyetumwa kumchunguza kabla ya Revelian, aliokotwa msitu wa Pugu ana tundu la risasi kisogoni.

Revelian alipanda Raleigh yake, akapiga pedali. Ilikuwa Ijumaa, saa sita na robo. Kwa miezi sita alikuwa kibarua wa kushika spana katika banda la ndege hiyo, hapo hapo Kawe, na alijua kwamba saa hizi fundi Mwishehe yuko msikitini, na Lockyer yuko ndani ya nyumba anakula.

Banda lilikuwa tupu.

Nyuma yake, chini ya paa, nyigu walikuwa wamejenga vijumba vyao vya udongo. Revelian alibandua kimoja, akakisaga, akakilowesha kwa mate. Akapanda juu ya kiti cha mbele. Tangi la petroli la Tiger Moth liko katikati ya bawa la juu, na kwenye mfuniko wake kuna tundu dogo la kupumulia. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Injini hunguruma vizuri kwa dakika kumi, labda kumi na mbili, halafu hufa.

Alilishindilia udongo lile tundu mpaka likajaa.

Nyigu hufanya hivyo wenyewe kila wiki pwani hii. Ndiyo maana Mwishehe alitembea na unyoya wa jogoo kwenye kofia yake, na kila asubuhi aliizunguka ndege akipitisha unyoya huo katika kila tundu. Asubuhi hii alikwishazunguka. Ajali ingekuwa safi. Revelian alishuka, akanawa mikono, na hakujisikia vizuri hata kidogo.

Hakumwonea huruma Lockyer. Alimwonea huruma mzee.

Mwishehe, Mzaramo wa Kawe mwenye nywele nyeupe, ndiye aliyeiokota ndege hiyo ikiwa mabaki ya vita, mbao zimeoza na kuku wametaga kwenye kiti cha rubani. Miaka mitatu aliijenga upya. Kila kipande cha kitambaa alikishona kwa mkono, akakipaka ile dawa kali inayokaza kitambaa kikawa kama ngozi ya ngoma. Aliiita Mwali, kwa kuwa muda mwingi ilifungiwa ndani. Lockyer alilipia vipuri na akamwahidi kwamba mwezi wa sita angempa karatasi, ndege iwe yake. Revelian hakuwa na moyo wa kumwuliza ni ofisi gani ingemwandikia Mwafrika ndege.

Saa saba na nusu mzee alirudi, kanzu yake kaikunja mkononi.

"Shikamoo, fundi. Leo umewahi."

"Marahaba, mwanangu. Hotuba ilikuwa fupi. Bwana kala?"

"Kala."

Mzee aliizunguka ndege yake. Alikaa kidogo upande wa pili, Revelian asimwone. Aliporudi alikuwa anafuta unyoya kwa kitambaa, uso hauna kitu.

Lockyer akatokea, miwani ya rubani kichwani, bastola ya Webley kiunoni. Alizungumza Kiswahili cha mabwana, kile cha kuamrisha.

"Fundi! Nani nafunga injini juzi?"

Revelian hakuelewa kwa nini anauliza. Katika miezi yake sita injini ilikuwa haijafunguliwa hata mara moja, hadi wiki hii, vali zilipokwanguliwa masizi.

"Huyu Mhaya wangu," Mwishehe alijibu. "Kila nati kafunga yeye. Mie nilishika taa tu."

"Basi yeye napanda. Kama zamani vitani. Fundi nafunga injini, fundi napanda safari ya kwanza. Injini nakufa, yeye nakufa." Lockyer alicheka. "Hapo fundi nafunga nati sawasawa."

Revelian alimtazama mzee. Mzee alitazama pembeni.

Bastola ya Revelian mwenyewe ilikuwa chini ya sanduku la spana, hatua kumi. Kukataa kulikuwa sawa na kusema mimi nani. Gaspar alisema, akaishia Pugu.

Akapanda kiti cha mbele.

"Zima!" Lockyer aliita kutoka nyuma.

"Imezimwa!" Mwishehe aliitikia, akazungusha pangaboi taratibu mara nne.

"Washa!"

Mzee alilivuta kwa nguvu zake zote, akaruka nyuma. Injini ikashika.

Saa nane kamili.

Walipita juu ya minazi, wakaifuata bahari kuelekea kusini. Dakika ya tatu, Msasani. Dakika ya saba, mlango wa bandari. Revelian alihesabu kwa kidole kwenye goti. Aliogopa, tena sana, na aliona aibu kwamba hofu yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoogopa kwa ajili ya wengine. Futi elfu mbili. Chini, maji tu.

Dakika ya kumi na moja injini ilikohoa.

Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Upepo ukapiga filimbi kwenye nyaya za mabawa. Mpira wa kuongelea uliounganisha viti viwili ukapiga kelele sikioni mwa Revelian.

"Wewe! Nini wewe nafanya?"

"Nimeziba tundu la tangi."

Mdomo wa Webley ukagusa shingo yake.

"Mimi naua wewe."

"Niue. Tundu liko juu ya kichwa changu. Mkono wako haufiki."

Futi elfu moja na mia nne.

"Zibua!"

"Tupa bastola. Geuza Kawe."

"Zibua!"

"Bastola, Bwana."

Futi mia tisa. Mawimbi yalianza kuonekana moja moja.

Kitu cheusi kikapita ubavuni, kikaanguka baharini. Ndege ikainama, ikageuka kaskazini. Revelian alifungua mkanda, akasimama katika upepo ulioelekea kumng'oa. Kidole kilikuwa kinene mno. Alichomoa pini ya kufungia mkanda, akachokonoa udongo wake mwenyewe, mbichi bado. Tangi likavuta pumzi. Pangaboi lilikuwa bado linazunguka kwa upepo.

Injini ikarudi kwenye futi mia mbili na hamsini.

Akaketi, akaweka kidole kwenye swichi ya injini iliyo mbele yake.

"Ukigeuka kusini, naizima."

Lockyer alishika njia ya kaskazini mpaka wakatua Kawe.

Land Rover ya kijivu ilikuwa imesimama kando ya banda, na redio yake ya polisi inakwaruza. Apolinari alikuja na askari wawili kupekua vitu vya marehemu. Akamkuta marehemu anashuka.

"Nilisema ajali," alinong'ona.

"Ilishindikana."

"Mzungu huyu wataandika ni mgonjwa, wampakie meli arudi kwao. Na kesi sasa ipo, imeonwa na askari. Kesi itataka mtu, Revelian. Uliliwaza hilo ukiwa huko juu?"

Hakuwa ameliwaza.

Mwishehe alikuwa amepiga magoti anaweka vigingi kwenye magurudumu. Revelian akachutama karibu naye.

"Uliuona udongo."

"Nimeuona. Nyigu hapaki grisi, mwanangu. Alama ya kidole chako ilikuwa pale."

"Mbona hukuzibua?"

"Ningezibua, ungekata waya. Ungetia maji. Umetumwa, mtu aliyetumwa hachoki." Alipangusa tairi kwa kiganja. "Nikasema, aliyeziba akikaa mle ndani, Mwali hafi."

"Na mimi je?"

"Wewe kila nati umeifunga vizuri. Nisingekupa ndege mbovu."

Askari walipekua viti, sanduku, mkia. Hapakuwa na kitu. Lockyer alikuwa anavuta sigara, ametulia. Ndipo Revelian akaona, chini ya bawa la kushoto, kiraka ambacho rangi yake ilikuwa mpya kuliko jirani zake. Akatoa kisu, akakata. Vifuko vitano vya ngozi vikaanguka kwenye majani. Apolinari akakifungua kimoja na kukifunga upesi.

Revelian alibaki na kipande cha kitambaa mkononi. Mshono ulikuwa wa nafasi sawasawa, na kila hatua fundo dogo lililokunjwa mara mbili chini ya uzi. Watu wawili tu nchi hii walilijua fundo hilo. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe, amefundishwa na mwenzake.

"Nani kashona?" Apolinari aliuliza, daftari wazi.

Lockyer alipuliza moshi. "Wewe uliza fundi."

"Kashona Mzungu mwenyewe," Revelian alisema haraka, akikikunja kitambaa ndani ya ngumi. "Ona kazi yenyewe. Mbovu. Mtu asiyejua sindano."

Apolinari alianza kuandika. Yalikuwa yamekwisha. Mzee alihitaji kunyamaza tu.

"Mbovu?"

Mwishehe alisimama, magoti yana vumbi.

"Fundi, nyamaza," Revelian alisema.

"Sinyamazi. Mbovu wapi? Fungua mkono, mwonyeshe. Hilo fundo halifumuki hata ndege ianguke. Huyu Bwana hajui kushona hata kifungo." Aliinyooshea kidole ngumi ya Revelian. "Kaniambia nitie vifuko, nimetia. Kaniahidi karatasi. Karatasi sijapewa wala sitapewa, mie si mtoto. Lakini Mwali hana mshono wa mtu mwingine. Wote ni wangu. Andika hivyo, bwana. Mwishehe kashona."

Apolinari alimtazama Revelian. Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine.

Pingu zilikuwa za saizi moja tu, zikapwaya kwenye mikono ya mzee. Kabla hajapandishwa garini alimwomba askari amvue kofia, akautoa unyoya kwa vidole viwili, akamnyooshea Revelian.

"Asubuhi asubuhi," alisema. "Nyigu hangoji mtu."

"Ndege ni kielelezo," Apolinari alisema. "Itafungiwa humu. Haitaruka tena."

Lockyer aliketishwa mbele, Mwishehe nyuma sakafuni. Gari likaondoka.

Revelian alibaki peke yake. Alikuwa anaweza kulia, na hakulia. Aliizunguka ndege kuanzia pua, akapitisha unyoya katika kila tundu alilofundishwa, na la mwisho likawa lile la mfuniko wa tangi, ambalo alilisafisha mara mbili. Akaisukuma Mwali ndani, akafunga banda. Akachomeka unyoya mfukoni, akapanda Raleigh, na kushika njia ya mjini bila kugeuka nyuma.