Koti la Kuazima

Jumamosi ile soko la St. Lawrence lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wauza samaki walipaza sauti, wanawake walipigana vikumbo kwa vikapu, na harufu ya jibini ikagombana na harufu ya soseji mpaka mtu asijue ameze mate au azibe pua. Gelasius alikuwa ameshuka kwenye basi la Montreal alfajiri, mgongoni begi refu kama mtoto wa darasa la nne, mwilini koti jekundu la wapanda milima alilolipata mitumbani. Mafunzo yake ya misitu yalikuwa yamekwisha, na kesho yake mchana alikuwa na ndege ya kurudi nyumbani. Ilikuwa siku yake ya kwanza Toronto, na ya mwisho. Alikuwa na mkate mmoja, ramani ya bure, na nia ya kuumaliza mji mkongwe kwa miguu.

Kwenye meza ya maharage akasikia Kiswahili.

"Kagunia haka kananishinda mimi. Kweli nimezeeka."

Aliyekuwa akijisemea hakuwa mzee hata kidogo. Labda miaka thelathini, koti jeusi refu, kilemba cheusi, macho makubwa yenye usingizi wa watu wa zamu mbili. Mkono mmoja ulishika gunia, mwingine gauni lililofunikwa plastiki ya dobi.

"Samahani dada, naomba nikusaidie, kama hutajali."

Mwanamke akamtazama juu mpaka chini. "Mtanzania."

"Umejuaje?"

"Nani mwingine anaomba samahani kabla ya kubeba mzigo? Kwetu Bujumbura mtu anaunyakua tu, mnagombana njiani."

Gelasius akacheka. Mwanamke aliitwa Médiatrice, mzaliwa wa Buyenzi, msafishaji wa maofisi katika yale majengo marefu ya mjini. Gelasius naye, kwa kutaka kupendwa haraka, akasema, "Mimi wa Ngara, mpakani kwenu. Nyinyi mkipiga chafya, sisi tunaitikia. Mila zenu nazijua kama kiganja changu."

Uongo huo mdogo ndio uliokuja kuwatesa. Ngara alizaliwa, ni kweli, lakini alitolewa huko akiwa na miaka minne. Amekulia Morogoro, na mila za Warundi alizijua kama anavyojua bei ya almasi.

Gunia waliliacha kwa muuzaji, gari la kanisa lingelifuata. Gauni Médiatrice akalining'iniza nyuma ya begi la Gelasius, lisikunjamane. "Nina nafasi mpaka saa tisa," akasema. "Twende nikuonyeshe mji. Usiponiona mimi utaishia kuona njiwa tu."

Anga lilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, manyunyu yakidondoka bila haraka. Akamwonyesha kanisa kuu lenye saa juu, akamwonyesha jengo la matofali mekundu, jembamba kama kipande cha keki alichobakizwa mgeni aliyechelewa. Wakatembea hadi kiwanda cha zamani cha pombe kali, kimefungwa, vioo vimepasuka, nyasi zimeota kwenye reli. Wakakaa chini ya upenu, wakagawana mkate.

"Huu ndio utalii wako?" Médiatrice akauliza. "Mkate mkavu na magofu?"

"Na kiongozi mzuri."

"Kiongozi anadai posho."

"Nitalipa kwa sifa. Una kicheko kinachotembea mbele yako kama mtoto."

Médiatrice akaacha kutafuna. Muda mrefu hakuna mtu aliyekitaja kicheko chake. Kila aliyekutana naye, kanisani, kazini, hata kwenye lifti kule Regent Park alikoishi, aliinamisha kichwa na kusema pole. Huyu hakusema pole. Nguo nyeusi hakuziona, na asilaumiwe: mwezi wa kumi na moja Toronto nzima imevaa nyeusi, unaweza kudhani mji wote umefiwa. Médiatrice akaamua kimoyomoyo kuzifaidi saa zile chache bila kuambiwa pole. Mkono wake ulipochukuliwa, hakuurudisha.

Saa tisa kasoro akaingia kwenye kibanda cha simu. Mlango haukufungika vizuri, na Gelasius alikuwa na masikio.

"Goretti, wifi yangu, usihangaike. Gauni ninalo, ndiyo, jeupe. Ukumbi ni uleule wa kanisa, karibu na stesheni ya Kipling. Wageni mia? Wacha waje. Mzee Eustache ndiye atakayesema. Leo yanaisha, wifi. Kesho naanza upya."

Alipotoka, uso wa Gelasius ulikuwa umefungwa kama duka la Jumapili.

"Hongera," akasema.

Médiatrice akajua ameelewa. Si mtu wa Ngara? "Asante. Nimeingoja mwaka mzima. Utakuja?"

"Nije kufanya nini? Kupiga makofi?"

"Kunisindikiza tu."

"Dada, unao wa kukusindikiza. Kila la heri." Akaondoka, begi likiyumba mgongoni.

Médiatrice akabaki kwenye manyunyu. Kwa hiyo ni hivyo, akawaza. Mwanamume anakushika mkono asubuhi, akikumbuka wewe ni mjane anauachia jioni. Alifika stesheni ndipo akakumbuka gauni.

Gelasius naye aliliona alipofika hosteli na kutua begi kwenye kitanda chake cha juu. Gauni jeupe, shingo ya lesi, limening'inia mgongoni kwake njia nzima kama mtoto aliyelala. Kijana wa watu akakaa chini. Wazo la kwanza lilikuwa baya: waache waoane bila gauni. La pili lilimtia aibu. Akapanda treni ya chini hadi Kipling, akijizoeza njiani: nitampa, nitampa mkono bwana harusi, nitatoka.

Ukumbini hakukuta bwana harusi. Alikuta watu mia wamekaa kimya na sufuria za maharage zinapoa. Mbele kulikuwa na meza, mshumaa, na picha ya mwanamume mwenye tabasamu. Médiatrice alikaa kando yake katika nyeusi zilezile.

Goretti akamfuata mlangoni. "Ni wewe mwenye gauni? Tumekusubiri saa nzima. Mzee Eustache kakataa kuanza. Anasema mjane hatoki msibani kwa nguo ya kuazima."

"Mjane?"

"Wewe umekuja kuganduka ya nani, kaka?"

Akamweleza kwa sauti ya chini. Nathanaël, kaka yake Goretti, mume wa Médiatrice, aliuawa Bujumbura mwaka jana. Habari ilikuja kwa simu, kaburi hakuna aliyeliona. Leo mwaka umetimia, marehemu anaagwa mara ya mwisho, na wafiwa wanavua nyeusi; ndiyo kuganduka kwenyewe.

Gelasius akampa gauni kwa mikono miwili.

Médiatrice akatoka chumba cha nyuma akiwa mweupe kuanzia shingo hadi kifundo. Mzee Eustache, baba mdogo wa marehemu, akasimama kwa fimbo. "Binti yetu, tumemlilia vya kutosha, na bado hatujamaliza. Lakini wewe kuanzia leo ukicheka, usigeuke kutazama nani amekusikia." Watu wakalia kuliko walivyolia siku ya habari.

Saa kumi na mbili, giza limeshaingia, Médiatrice akamkuta Gelasius kituo cha basi. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, naye ametoka na gauni tupu.

"Koti lako liko wapi?"

"Silirudii tena lile." Meno yalikuwa yanagongana. "Wewe ulidhani naolewa."

"Nilidhani."

"Mtu wa Ngara."

"Wa Morogoro. Nisamehe."

Akavua koti jekundu, akamvika. Mikono ilimpita vidole.

"Nimekatazwa vya kuazima leo."

"Hilo ni la ukumbini. Hapa ni kituo cha basi." Basi likatokea kwenye kona. "Twende nyumbani pamoja, Medi."

"Kesi yangu ya ukimbizi haijasikilizwa. Nikitoka, sirudi. Na milima ya kwetu siwezi kuitazama, hata kutoka upande wenu."

"Basi sikiliza. Sijakupa koti, nimekuazima. Cha kuazima hufuatwa na mwenyewe."

Gelasius akapanda basi na sweta tu. Médiatrice hakupunga mkono. Ulikuwa umepotelea ndani ya koti.

Gelasius amenyimwa viza mara mbili sasa. Regent Park wote tunamjua mama wa koti jekundu, na Jumapili baada ya misa tukiwa kwake tunapunguza sauti simu ya Morogoro ikipatikana.

"Koti lako limetoboka kiwiko."

"Shona, mpenzi."

"Sishoni cha mtu mimi. Njoo ushone mwenyewe."

Laini inakwaruza, kama simu za mbali zilivyo. "Kuna baridi huko?"

"Ipo," anajibu, na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni, ndani ya nyumba.