Cherehani Isiyovuliwa Mkanda

Fundi alikuwa katikati ya pindo la sare ya tatu, pini mdomoni, mumewe alipoingia amembeba binti yao.

“Kaanguka darasani. Moyo unakwenda mbio.”

“Alikuwa anakimbia?”

“Alikuwa amekaa.”

Fundi akatema pini. Mikosi haiji mmoja mmoja! Wakamlaza chumbani. Pumzi ya mtoto ilinuka mafuta ya mashine.

Jirani yao nesi akaja, akashika kifundo cha mkono, akahesabu. “Moyo una kichocheo chake ndani, shoga. Ukikimbia au ukiogopa, ubongo unauhimiza, ukipumzika, unautuliza. Huyu kalala nusu saa, bado mapigo mia na hamsini kwa dakika. Utadhani kuna mwingine anayeuendesha.”

Sebuleni cherehani ililia. Taka-taka-taka.

“Nani anachezea mashine yangu?”

Mume alikuwa mlangoni. Mdogo wa binti alikuwa amemng’ang’ania suruali. Hakukosekana mtu.

Mjane aliyewauzia cherehani ile alisema neno moja tu: ukimaliza kazi, vua mkanda. Fundi alivua wiki mbili, kisha akachoka. Nani ana muda wa kuvua na kuvisha kila siku?

Akaenda sebuleni. Pedali ilipanda na kushuka peke yake.

“Ng’oa mkanda!” mume alinong’ona.

“Mashine ikisimama ghafla, na moyo wa mtoto ukasimama je? Nesi, hesabu kwa sauti!”

Akabandika kiganja kwenye gurudumu, likamchoma, naye akazidi kulibana kidogo kidogo, jasho likimwingia machoni, huku kitu kisichoonekana kikimpumulia shingoni pumzi ya baridi na kusukuma pedali kwa hasira, na kutoka chumbani sauti ya nesi ikihesabu: “Mia na ishirini… mia… themanini… sabini, shoga, sasa!”

Akavua mkanda. Kimya. Kisha binti akaita, “Mama, nina njaa.”

“Na sare nani atashona?” Fundi alijibu, akaenda jikoni kupika.

Jioni alipakua, akihesabu vichwa: mume, binti, mdogo wake, yeye. Wote wapo. Mkanda ulikuwa msumarini, cherehani imefunikwa shuka.

Chini ya shuka, bila mkanda, pedali ikapanda. Ikashuka. Fundi akajishika kifua kwa kiganja kilichoungua. Moyo wake ulikuwa unaifuata pedali, pigo kwa pigo.

Akamtazama binti yake akitafuna kwa pupa.

“Haya, basi ni mimi badala yake,” akajisemea, akamwongezea mboga.