Mkimbiaji Mferejini

Kama unapenda mapenzi yanayoanza kwa manukato, tafuta kwingine. Mapenzi ya Mogire na Aloo yalianzia kwenye matumbo ya kambare, sokoni Kisii, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mwaka wa hamsini na tatu, na harufu yake mimi naisikia mpaka leo.

Mogire alikuwa karani wa posta, upande wa simu. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya swichibodi akichomeka waya na kuwaunganisha watu. Mwezi wa kwanza kulikuwa na mashindano Kisumu, mbio za maili tatu, na bwana huyu alikuwa amejiapiza kwamba hatakosa mazoezi hata siku moja, Krismasi ije isije. Kwa hiyo siku hiyo ya soko alipita mbio katikati ya watu, miguu mitupu, ndani ya kaptura aliyojikatia mwenyewe kutoka suruali kuukuu, fupi kiasi cha kuwafanya wauza ndizi wageuze nyuso. Mwili mzima alikuwa ameupaka mafuta ya kondoo. Sijui nani alimdanganya kwamba mafuta ya kondoo yanaongeza mbio. Yanaongeza nzi, hilo nina hakika nalo.

Kwenye safu ya samaki akakanyaga matumbo, akateleza, akamwangukia msichana aliyekuwa akichagua kambare. Huyo ndiye Aloo, dresa wa zahanati ya mjini, mzaliwa wa kule ziwani, Kendu. Alivaa gauni jipya la buluu lenye mkanda mweupe, na raba alizozipaka chaki asubuhi ile zikang'aa. Sasa gauni lilikuwa na damu ya samaki kifuani, na kiunoni alama ya kiganja chenye mafuta.

Mogire alijaribu kusimama, akakaa tena. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, na ukucha wa kidole gumba umeinuka kama kifuniko cha sufuria.

"Samahani sana, dada."

"Usiniguse tena," Aloo alisema. "Wewe unanuka kushinda hii samaki."

Lakini kazi ni kazi. Alipiga magoti palepale kwenye tope, akaushika ule mguu kwa vidole viwili, uso ameugeuza pembeni, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Akamwambia aje zahanati Jumatatu, na aoge kwanza.

Jumatatu akaja, ameoga. Sitaeleza yaliyotoka chini ya kile kitambaa. Nitasema tu kwamba palikuwa na malengelenge manne, mawili yamepasuka, na ukucha umeanza kuwa mweusi, na kwamba Aloo aliyasafisha yote bila kukunja uso mara ya pili. Mogire akamweleza habari za Kisumu. Makori, karani mwenzake, alikuwa amemshauri alale na kula nyama mpaka mwaka mpya, kama watu wenye akili. Mji mzima ulikuwa na ushauri huohuo. Aloo hakukubaliana nao. Alisema kifundo ndicho kilichoumia, mapafu hayakuteguka. Akampa kazi: asubuhi aingie mto Nyakomisaro hadi magotini, ainue miguu mara mia mbili ndani ya maji yale baridi. Mchana anyanyue magunia ya barua. Baada ya siku tano atembee, baada ya hapo akimbie polepole, na kila jioni auonyeshe mguu.

Basi simu ikaanza kulia zahanati kuliko ilivyowahi kulia.

"Zahanati."

"Hapa ni posta. Najaribu waya."

"Jana ulijaribu mara tatu, karani."

"Huu waya ni mgonjwa, nyar nam." Binti wa ziwani, ndivyo alivyomwita, kwa Kijaluo chake kibovu.

"Waya ni mzima. Anayeumwa ni karani."

"Ni kweli, anaumwa."

"Wapi?"

"Kuanzia kwa ukucha, kwenda juu."

Aloo akacheka chinichini ili mganga mkuu asisikie. "Tutaanza na ukucha," alisema. "Hayo mengine yangoje."

Kufikia katikati ya Desemba Mogire alikuwa akikimbia tena, na Aloo anamngoja kando ya mto, saa mkononi, sweta la manjano mabegani. Alimwambia waziwazi kwamba mafuta ya kondoo yanamtia kichefuchefu. Mogire alisema akiyaacha atashindwa. Walibishana juu ya mafuta wiki nzima, na siku moja katikati ya ubishi akambusu. Aloo alijipangusa mdomo, akasema anasikia ladha ya zizi, kisha akambusu yeye.

Krismasi Mogire alikwenda kwao Manga. Unajua sikukuu zilivyo. Watu walikula hadi wakashindwa kuinuka, wakalala nyasini midomo inang'aa shahamu, nzi wakitembea kwenye midevu, na huku wakimcheka yeye aliyekuwa akipanda na kushuka kilima akichechemea. Shangazi mmoja, mkono mmoja umeshika utumbo, alimuuliza kama wasichana wa Kigusii wamekwisha hata akimbilie wa ziwani. Mogire aliendelea kupanda kilima. Makori, ambaye naye ni wa Manga, alilisikia hilo swali, na aliporudi mjini akalibeba moja kwa moja hadi kwa Aloo. Mdomo wa Makori haukuwahi kufungwa na mtu.

Aloo alikuwa na lake la kumsumbua. Mama yake, Mama Drusilla, alikuwa ameandika kwamba anakuja Jumatatu baada ya Krismasi. Kule nyumbani mwalimu mmoja mjane alikuwa ameuliza habari zake, mtu mzima, mwenye nyumba ya mabati. Mama alitaka kujua kama kuna sababu yoyote ya kumwacha bintiye Kisii. Kama hakuna, Jumatano watapanda basi pamoja. Aloo alimpigia Mogire, akamwambia aje zahanati saa kumi kumsalimu mama. Hakumwambia habari za mwalimu. Mwanamke hamlazimishi mtu, alifikiri. Akija vizuri, mama ataona mwenyewe.

Mogire alielewa zaidi ya alivyoambiwa. Alipiga pasi suruali ya sufu, akaazima tai. Kisha, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi na basi la Kendu halifiki kabla ya saa nane, akajipaka mafuta yake, akavaa ile kaptura ya aibu, akatoka mbio.

Siku hiyo basi liliwahi.

Aliwaona kwenye njia ya nyuma ya soko, hatua thelathini mbele yake. Aloo amebeba kikapu, na kando yake mama mnene mwenye kitambaa cheupe, paji la uso lilelile, mwendo uleule. Na yeye mapaja nje, kifua wazi, anang'aa mafuta. Mjini watu huzoea mengi, lakini Mgusii hazoei hili, wala Mjaluo: mwanamume hawezi kusimama nusu uchi mbele ya mama wa mke wake. Ni aibu isiyoogeka. Nyuma hakuweza kurudi, mkokoteni ulikuwa umeziba njia. Kulia palikuwa na ukuta. Kushoto palikuwa na mfereji wa machinjio.

Watu walikuwa wamechinja wiki nzima, na mvua haikunyesha. Mle ndani mlikuwa na mavi ya tumbo la ng'ombe, damu iliyoganda, vipande vya ngozi, na funza walionona kwa sikukuu yao. Mogire alijitupa humo kifudifudi.

Aloo aliona kila kitu isipokuwa sababu. Aliita jina lake mara moja. Kile kichwa kilichopakwa kinyesi hakikuinuka. Mama Drusilla, mkono puani, aliuliza kama anamjua mlevi yule.

"Hapana, mama," Aloo alisema. "Nilifikiri ninamjua."

Saa kumi Mogire alikuwa bado anajisugua kwa sabuni ya dawa, ndoo ya sita, na anatapika kati ya ndoo na ndoo. Angekwendaje kumsalimu mkwe na harufu ile? Saa kumi na moja alipiga simu. Aloo alisikia sauti yake, akakata. Jumanne akapiga mara nne, akakatiwa mara nne. Mara ya tano Aloo alisema neno moja kabla ya kukata.

"Kama unaonea haya watu wa ziwani, karani, ungesema. Mfereji ulikuwa wa nini?"

Na huyu mtu, aliyekuwa akiwaunganisha watu mchana kutwa waongee upuuzi wao, hakuweza kujieleza. Angesema nini? Kwamba alimwona mama yake kama mkwe, wakati hajatuma mtu wala hajamuuliza Aloo mwenyewe? Angeyatajaje mapaja yake na mama yake kwa pumzi moja? Nilichukizwa naye wakati ule, nachukizwa naye hata sasa. Mtu anaweza kulala juu ya funza lakini hawezi kusema sentensi moja.

Jumatano asubuhi stendi ilijaa watu wanaorudi kutoka sikukuu, matumbo yamewafura, watoto wakitapika mikate kando ya magurudumu. Sanduku la Aloo lilikuwa limeshapandishwa juu ya basi. Alivaa lile gauni la buluu. Lilikuwa limefuliwa, ila ile alama ya kiganja haikutoka kiunoni.

Kisha barabarani akatokea mtu anakimbia. Jua lilikuwa kali, naye amevaa suruali ya sufu mpaka kwenye visigino, shati limefungwa vifungo hadi kooni, koti juu yake. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyetumbukia kisimani. Alikuwa anachechemea. Alipowaona alisimama upande wa pili wa barabara, akainamisha uso, akatazama kando. Hakusogea.

"Nani huyo anakimbia na nguo ya kanisa?" Mama Drusilla aliuliza.

"Ni yule wa mfereji, mama. Huwa anakimbia na kaptura."

"Na tangu lini anavaa hivi?"

Mwanamke aliyeuza ndizi pale stendi ndiye aliyejibu. Tangu jana, alisema, asubuhi na jioni, na kila mtu anamcheka.

Mama Drusilla alimtazama yule mtu aliyekuwa anachemka ndani ya sufu. Kisha akampa mgongo, kama inavyostahili, na akasema kwa sauti, akilielekea basi.

"Wewe kijana. Mimi umeniletea ng'ombe?"

"Bado, mama."

"Umetuma mtu kwangu?"

"Bado, mama."

"Basi juzi ulijificha ukiniona kama nani?"

Stendi nzima ilikuwa inasikiliza. Mogire alifunga kifungo cha koti.

"Kama mkwe," alisema.

Mama Drusilla alimwita utingo, akamwambia ashushe sanduku la msichana, lake aliache. Kisha akamwambia bintiye, kwa Kijaluo na bila kugeuka, kwamba yule mwalimu hangeweza kuruka hata dimbwi kwa ajili yake.

Aloo alivuka barabara.

"Ulikuwa useme, Mogire. Nimelia siku mbili."

"Nilikuwa naanza na ukucha," alisema. "Hayo mengine nikaogopa. Utakuwa mke wangu?"

"Bado unanuka."

"Nimeoga mara tisa."

"Oga ya kumi, nitakubali." Alikuwa ameshakubali, na wote waliokuwa pale waliliona hilo usoni mwake. "Kaa chini. Umekimbia na mguu mbovu tena, na Kisumu imebaki wiki tatu. Leo ni mtoni tu."

Akapiga magoti vumbini, akamvua kiatu, akafungua bandeji iliyolowa jasho. Ule ukucha mweusi ulitoka mzima, ukabaki mkononi mwake, na uvundo wake ukanifikia mimi mwenyewe kwenye dirisha la basi. Nilingoja autupe. Aloo aliutazama, akaitoa tiketi yake ya Kendu mfukoni, akaufungia ukucha ndani ya tiketi hiyo, akauweka kwenye mkoba wake karibu na leso.