Upande wa Pili wa Kanda

Ilikuwa siku ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, na ukumbi wa chini wa Hifadhi ya nyaraka ulijaa wanafunzi mpaka mlangoni. Huyu anatafuta gazeti la miaka sitini iliyopita, yule ramani ya reli, mwingine anagombana na mashine ya kunakili kama anagombana na wifi yake. Katikati ya zogo hilo alipita mwanamke mwenye gauni la kijani, amekumbatia boksi la kanda. Aliomba njia mara tatu asipewe. Mara ya nne akagongana na mwanamume aliyevaa ovaroli ya buluu, boksi likaanguka, kanda zikatapakaa sakafuni.

"Samahani, bibie. Sikukuona."

"Na gauni lote hili linavyowaka?"

"Nilikuwa nawakwepa hawa wasomi wako. Ukimkanyaga mmoja, anakuandika kwenye tasnifu."

Mwanamke alicheka bila kutaka. Wenzake kazini walimwita Masikio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza kanda za zamani na kuandika maelezo yake kabla hazijawekwa mtandaoni. Hifadhi ile ilikusanya kila kitu: tasnifu, barua, madaftari ya mahakama, picha za harusi za watu ambao hakuna aliyewajua tena. Wengine walishughulika na karatasi, yeye na sauti za watu, wengi wao marehemu.

Mwanamume alikuwa fundi wa friji. Alimsaidia kuokota kanda zote, kisha akatoa mfukoni kikaratasi chenye jina la mwanamke.

"Huyu ni mama yangu. Mjomba anasema kuna mtafiti wa chuo aliwahi kumrekodi akisimulia hadithi, mimi nikiwa na miaka minne. Alifariki mwaka jana. Sina sauti yake hata kwenye simu, maana simu alikuwa hazipendi. Nimekuja kuuliza tu, kama mnayo."

Alisema "nimekuja kuuliza tu" kama mtu aliyekwisha kujiandaa kukataliwa. Masikio akamwonea imani.

Baada ya siku mbili alimpigia. "Fundi, tumempata mama yako."

Halafu ikasikika sauti ya bisibisi kuanguka.

Kanda ambayo haijaandikiwa maelezo ilisikilizwa mle mle ndani tu, kwa hiyo Fundi alianza kuja kila Alhamisi saa za chakula cha mchana. Alivua kofia, akavaa spika za masikioni, akamsikiliza mama yake akisimulia habari za jitu na mabinti saba. Alicheka mahali palepale kila wiki. Wiki ya kwanza alipomaliza, macho mekundu, aliuliza, "Na upande wa pili una nini?"

"Bado sijausikiliza. Wiki ijayo nitakwambia."

Aliusikiliza Jumatatu. Mama hakuwa anasimulia hadithi tena. Mtafiti alikuwa amemuuliza habari za maisha yake, naye akajibu kwa sauti ya chini:

"Huyu mtoto si wa tumbo langu. Ni wa dada yangu, alikufa akimzaa. Mimi nilikuwa nimeshaposwa. Yule bwana akasema mtoto wa watu hamtaki, nichague. Nikachagua. Sasa siku nyingine namtazama amelala, namchukia. Hilo usiliandike."

Masikio alizima mashine. Kanuni ya kazi ilisema kanda isikilizwe mwanzo hadi mwisho, na kwa miaka tisa hakuwahi kuruka hata dakika moja. Hii ilibaki na dakika nne, naye hakuweza. Kanuni iliruhusu pia kanda kufungwa isisikilizwe na mtu, ila familia ilipaswa kuandikiwa barua ya kueleza sababu, na familia yenyewe ilikuwa Fundi. Basi kwenye nafasi ya maelezo akaandika neno moja: haisikiki.

Alhamisi akamwambia hivyohivyo. "Umeharibika. Unakwaruza tu."

"Basi. Kibaya ni kukosa vyote." Akatabasamu, maskini, akavaa spika kusikiliza jitu lake.

Ungemuuliza siku ile, Masikio angesema anamhifadhi mteja. Lakini mteja alianza kuja na machungwa, kisha na maneno. Simu zikawa za asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Nimeingiza kichwa ndani ya friji ya mama mmoja mkali. Anadhani naongea na kompresa."

"Mwambie kompresa inakusalimu."

"Ananitazama vibaya. Nakupenda, kata simu."

Fundi alikuwa mtu wa kuchekesha na mwenye huzuni kwa wakati mmoja, shati lake la Jumapili limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kila walipokaa, habari ilikuwa ni mama. Mama alivyouza shamba ili yeye asome ufundi, mama alivyokataa kuolewa maisha yake yote. "Sijui kwa nini," alisema. "Mwanamke mzuri kama yule." Masikio alitazama chini akachezea kifungo cha gauni.

Mwezi wa nane tangu wajuane, Jumapili ya mvua, walikuwa chumbani kwa Fundi, ndoo mbili zikikinga maji yaliyovuja darini. Fundi alisogeza ndoo ya pili kwa mguu, akasema ghafla, "Nikuoe wewe au unioe mimi, mradi tuache kuagana kila jioni."

"Wee! Ndiyo posa hiyo?"

"Ndiyo posa. Mjomba nimeshamwambia. Mimi sina mali, mpenzi, ila sina siri. Ninavyoonekana ndivyo nilivyo. Na wewe ndivyo ulivyo, ndicho kilichonimaliza."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alilijua hilo. Alifungua mdomo.

"Nakubali," akasema.

Fundi alimbeba juu, wakapiga teke ndoo, maji yakamwagika chumba kizima.

Kitu ambacho Masikio alikisahau, na aibu ya kukisahau ilikuwa yake peke yake, ni kwamba kila kanda iliyoandikwa haisikiki ilikwenda kwenye orodha. Na mwisho wa mwaka orodha ilikwenda kwa mafundi sauti, wakazisafisha kanda moja moja. Jumatano asubuhi Bosi, mwanamke mnene mwenye furaha nyingi, aliingia akipunga simu.

"Masikio! Kanda zako kumi na moja zimepona! Tumeziweka ukurasa wa mbele wa tovuti tangu jana. Kuna moja, ya mama msimulizi, mafundi wanasema haikuwa na kasoro hata kidogo. Sijui wewe uliisikilizaje."

"Iondoe, Bosi. Nakuomba, iondoe sasa hivi."

"Kwa nini? Imeshasikilizwa na watu mia tatu."

Simu ya Masikio iliita kabla hajajibu. Alikuwa Fundi. Nyuma yake ilisikika friji ikinguruma, na mwanamke akiuliza kama kazi imekwisha.

"Binti wa mjomba amenitumia kitu," alisema polepole. "Nimekisikiliza. Niambie ulikuwa hujui."

Masikio hakuweza kumdanganya mara ya pili. "Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Miezi minane."

"Mpenzi, nisikilize..."

Simu ikakatwa.

Alimpigia siku nne, haikupokelewa. Alikwenda kwake, akakuta kufuli. Mjomba alimjibu kwa sauti ya mzee aliyechoka: "Hata mimi hataki kuniona, mwanangu. Sote tulidhani tunamsaidia." Kazini alipewa barua ya onyo, akaisaini bila kuisoma. Hakula siku hizo zote. Gauni la kijani likaanza kumlegea mabegani.

Siku ya tano Fundi alikuja mwenyewe, amevaa ovaroli, hajanyoa. Masikio alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Kuna fomu," alisema upesi. "Familia ikiomba, kanda inafungwa. Ukiisaini leo, leo hii inaondoka."

"Unataka kuificha tena?"

"Nataka usiumie."

"Nimeshaumia." Alikaa. "Unajua, mama nimemsamehe palepale. Alikuwa msichana mdogo, amebebeshwa mtoto asiye wake, ameachwa na mchumba. Mimi ningekuwa yeye ningechukia zaidi. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni wewe. Kwa nini hukuniambia hata mwisho wake?"

"Mwisho gani?"

Fundi akamgeukia.

"Hukuusikiliza?"

"Alipofika pale... nilizima. Sikuweza."

"Wewe, ambaye hii ndiyo kazi yako." Hakupandisha sauti, na Masikio alitamani angeipandisha. "Njoo. Kaa hapa."

Walivaa spika, kila mtu zake, wakiwa wamekaa bega kwa bega. Mama aliongea. Namchukia, alisema, hilo usiliandike. Masikio aliuma midomo. Kisha mlango ukasikika ukisukumwa, na mtoto akilia, kilio cha mtoto aliyeanguka vibaya. Sauti ya mama ikabadilika yote.

"Njoo, baba. Njoo kwa mama. Umeumia wapi? Hapa? Pole, mwanangu, pole." Zikapita dakika za kubembeleza, mtoto akilia kwa kwikwi, mama akimwimbia kitu kisicho na maneno. Mtafiti akauliza swali. Mama akajibu kwa ukali, "Zima hiyo mashine yako. Huoni mwanangu ananitaka?"

Ikaisha.

Masikio alikuwa analia waziwazi. Fundi naye machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Alikuwa ameshika mkono wa Masikio, bila shaka hata hakujua tangu saa ngapi.

"Nilikuwa nakupenda," Masikio alisema. "Sikukuhurumia tu. Nilikupenda kweli."

"Naamini. Lakini kila ninalolikumbuka sasa, ukicheka, ukikubali kuolewa, sijui lipi lilikuwa mapenzi na lipi lilikuwa huruma. Nimejaribu siku nne kutenganisha. Nimeshindwa."

"Tujaribu sote wawili."

Alitikisa kichwa. Aliuachia mkono wake taratibu, akaurudisha juu ya meza kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akasimama na kuvaa kofia.

"Kanda iacheni wazi," alisema. "Watu wamsikie mpaka mwisho."

Mlangoni aligeuka, na Masikio akasimama akidhani atarudi.

"Ahsante, dada," akasema, akatoka.

Kwa miezi minane alikuwa amemwita kwa kila jina tamu alilolijua. Hilo la dada, ambalo mtu humwitia mwanamke yeyote aliye nyuma ya kaunta, lilikuwa la kwanza.