Maini ya Diwani Mniko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyangi alijitwika mtungi akateremka kijitoni, chini ya soko la Tarime, mahali pekee mtaa wao ulipopata maji ya kunywa. Asubuhi moja ya mwaka 1956, alipoinama kuteka, kitu laini kilimgusa mkono. Ulikuwa utumbo wa ng'ombe, umevimba na kujaa nzi. Maji yalishuka mekundu, yakinuka samadi na damu iliyooza. Nyangi alitapika palepale.

"Ni uchafu wa machinjio ya Heche," alisema jirani yake Wegesa, akiziba pua. "Mwambie baba yako. Si yeye ndiye diwani?"

Kweli, Mzee Mniko alikuwa na miaka kumi na minne barazani. Ndiye aliyepigania daraja na barabara ya shule. Nyangi alipomsimulia, baba alijibu bila kumtazama, "Nitaliangalia."

Jumamosi Heche alipiga hodi. "Shikamoo, mzee. Nimekuletea maini, kama kawaida."

"Marahaba. Na habari ya machinjio isikusumbue. Haitafika barazani."

Nyangi alisikia yote akiwa jikoni. Miaka mingi alikuwa ameyala maini hayo kwa hamu! Yalipoandaliwa, alisukuma sahani.

"Mbona huli?" baba aliuliza.

"Siwezi, baba. Yananuka kama kile kijito."

Baba alifoka, akatoka nje.

Wiki haikuisha, Joram, mdogo wake Nyangi, akaanza kuhara damu. Hospitalini, Nyangi na baba walikuta watoto wengine wanne wa mtaani kwao. "Mnakunywa maji ya wapi?" mganga aliuliza. Mzee Mniko aliinamisha kichwa.

Baraza lilipokutana Bomani, alisimama mbele ya watu wote. "Nilijua," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu ya nyama. Ninajichukia."

Walimzomea. Bibi mmoja alitema mate chini. Siku hiyohiyo baraza liliamua machinjio yahamishwe mbali na maji, naye Mzee Mniko akaacha kiti chake.

Joram alipopona, Nyangi alimkuta baba kijitoni, matope yamemfika magotini, akizoa mifupa na utumbo kwa koleo.

"Mwanangu," alisema, "ukipewa kazi ya watu, usipokee kitu cha kukufunga mdomo. Mimi nilipokea, na watoto ndio walioumia."

Nyangi alipandisha gauni lake, akaingia majini kumsaidia.